Chakula Tunacho. Kwa Nini Mtoto Ana Njaa Darasani?



Somo letu la leo linahusu njaa ya watoto wa shule. Someni polepole. Mkiweza, someni katika kikundi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mwisho wa somo kuna maswali na kazi ya kufanya. Tafadhali msiyaruke, kwa sababu somo hili halina maana likibaki kwenye karatasi.

Saa ishirini

Tuanze na hesabu ndogo.

Mtoto amekula ugali wa jioni saa 1 usiku. Amelala. Asubuhi ameamka, amechota maji, amefagia uwanja, ameondoka nyumbani bila kula kitu. Shule ikiwa mbali, anatembea saa nzima. Anasoma mpaka mchana. Anarudi nyumbani saa 9 alasiri. Hapo ndipo anapopata chakula.

Tuhesabu. Kutoka saa 1 usiku mpaka saa 1 asubuhi ni saa 12. Kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 9 alasiri ni saa 8. Kumi na mbili na nane ni ishirini. Mtoto huyu amekaa saa 20 bila chakula, na katika saa hizo tumemtaka atembee, afanye kazi, na ajifunze hesabu na kusoma.

Sisi watu wazima tukienda kulima asubuhi, je, tunakubali kulima mpaka saa 9 bila kula kitu? Hata ng'ombe wa plau tunamlisha kwanza. Basi mtoto naye yuko kazini. Kusoma ni kazi. Ubongo unafanya kazi kwa nguvu ya chakula, kama vile mkono unavyoshika jembe kwa nguvu ya chakula. Mwenye njaa macho yako ubaoni lakini hashiki kitu. Anasinzia, anaumwa kichwa, anagombana na wenzake. Mwalimu anasema mtoto huyu mvivu. Mzazi anasema mtoto wangu mzito wa kichwa. Kumbe ni tumbo.

Mikoa ya chakula

Sasa hapa kuna jambo la kushangaza. Njaa hii haiko mbali na sisi. Iko katika mikoa inayolisha nchi.

Kwa miaka mingi Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimeitwa mikoa minne mikubwa ya chakula. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanakula Dar es Salaam. Mchele wa Kyela na wa bonde la Usangu unajulikana nchi nzima. Rungwe kuna ndizi, chai na maparachichi. Makete na Njombe kuna viazi mviringo. Mufindi kuna chai na mbao. Ukisimama barabarani wakati wa mavuno unaona malori yakipita usiku na mchana, yamejaa.

Lakini Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano nchini kote. Ulikuta kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 wamedumaa. Maana yake ni wafupi kuliko umri wao, kwa sababu miili yao haikupata chakula cha kutosha na kilicho bora, au waliugua mara kwa mara. Katika Mkoa wa Iringa waliodumaa walikuwa kama 57 katika 100. Huo ndio mkoa uliokuwa na udumavu mkubwa kuliko yote. Njombe na Rukwa walikuwa kiasi cha 50 katika 100.

Tusome tena polepole: mikoa yenye ghala iliyojaa ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa.

Udumavu huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo mtoto aliyedumaa anafika Darasa la Kwanza akiwa tayari amechelewa. Tukimwacha tena akae na njaa darasani, tunamrudisha nyuma mara ya pili.

Sababu ziko wapi?

Tusiseme upesi, "Ni umaskini." Umaskini upo, hatukatai. Lakini tuchambue. Tukizungumza na vikundi vijijini, sababu hizi hutajwa mara nyingi:

1. *Mahindi yanauzwa mapema mno.* Mwezi wa sita na wa saba mavuno yanaingia, wanunuzi wanafika, bei iko chini. Familia inauza ili ilipe madeni ya mbolea na kununua nguo. Mwezi wa pili ghala ni tupu. Sasa familia ile ile inanunua mahindi kwa bei kubwa. Mwezi wa pili ndio mwezi ambao watoto wako shuleni na wazazi wako kwenye palizi.

2. *Mahindi mengine yanakwenda kwenye pombe.* Debe linalotengeneza komoni haliwezi tena kuwa uji. Na wakati wa ulanzi wako watoto wanaopewa ulanzi asubuhi, eti unashibisha. Pombe haimshibishi mtoto. Inamdanganya tumbo na kumlewesha akili.

3. *Kazi za mama ni nyingi.* Mama anaamka kabla ya jogoo. Maji, kuni, shamba, mtoto mgongoni. Wakati wa palizi hana nafasi ya kukoka moto asubuhi. Baba wengine wanaona kupika uji ni kazi ya mama peke yake.

4. *Tunashiba chakula cha aina moja.* Ugali na mboga kidogo, leo na kesho. Maharage, maziwa, mayai na karanga vinauzwa sokoni ili fedha zipatikane. Mtoto amejaza tumbo lakini mwili haujajengwa.

5. *Mtoto ana minyoo au anaugua.* Hata chakula kikiwepo, minyoo wanakula pamoja naye. Damu inapungua, mtoto anachoka.

Mnaona? Katika sababu hizi tano hakuna hata moja inayosema ardhi yetu haizai. Zote zinahusu jinsi tunavyogawa chakula, muda, kazi na fedha. Mambo hayo yanapangwa na watu. Na jambo linalopangwa na watu, watu wanaweza kulipanga upya.

Iringa ilivyowahi kufanya

Jambo hili si geni kwetu. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Katika kampeni ya Chakula ni Uhai zaidi ya watu milioni moja walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao na kujadili juu ya chakula bora. Wengi wao walikuwa wanakisomo kama ninyi.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 1983, ulianza mpango wa lishe katika Mkoa wa Iringa. Wakati huo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa bado ndani ya Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa baadaye, mwaka 2012. Mpango ulisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na fedha zilitoka Serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168.

Je, mpango huo uligawa magunia ya chakula? Hapana. Jambo kubwa lilikuwa kupima na kuzungumza. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Akina mama walileta watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto alipimwa uzito, na alama ikawekwa kwenye kadi. Kadi ilikuwa na rangi. Kijani ni mtoto anaendelea vizuri. Kijivu ni mtoto ana uzito pungufu. Nyekundu ni hatari.

Baada ya kupima, hesabu haikufichwa kwenye kabati la ofisi. Ilisomwa mbele ya halmashauri ya kijiji: watoto wangapi wako kwenye kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu. Halafu watu walijiuliza, kwa nini mtoto huyu yuko kwenye nyekundu? Mama yake mgonjwa? Anakula mara ngapi kwa siku? Anaachwa na nani mama akienda shamba? Kisha waliamua la kufanya. Vijiji vingine vilianzisha mahali pa kutunzia watoto wadogo, wapate uji wakati mama zao wako shamba. Miezi mitatu ikipita walipima tena, waone kama dawa yao imefaa.

Hatua zilikuwa tatu: kupima, kuchambua, kutenda. Kisha mnarudi kupima.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka 1984, katika kila watoto 100 waliopimwa, kama 56 walikuwa na uzito pungufu. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wale wa hatari kabisa walikuwa kama 6 katika 100. Wakapungua mpaka chini ya 2. Watu kutoka nchi nyingine walikuja Iringa kujifunza.

Sasa msomaji makini atauliza: "Kama tulifaulu wakati ule, mbona mwaka 2022 Iringa iko juu kwa udumavu?" Ni swali zuri. Kwanza, vipimo ni viwili tofauti. Wakati ule walipima uzito. Udumavu hupimwa kwa urefu. Kwa hiyo hesabu hizi mbili hatuwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Pili, kupima watoto ni kama kupalilia. Ukipalilia mwaka mmoja ukaacha, majani yanarudi. Watoto waliopimwa mwaka 1984 sasa ni watu wazima. Watoto wa leo wanahitaji macho yetu ya leo. Hata sasa vijiji vina Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu. Tujiulize: siku ile, hesabu inasomwa mkutanoni, au inaishia kwenye daftari?

Tuzipeleke hatua tatu shuleni

Mpango wa Iringa ulikuwa wa watoto wadogo. Lakini njia yake inafaa kabisa kwa watoto wa shule. Tuone moja moja.

*Hatua ya kwanza: kupima.* Kamati ya shule ipange siku moja ya wiki ya kuhesabu waliokuja bila kula. Msimsimamishe mtoto mbele ya wenzake na kumwuliza, "Wewe umekula?" Ataona haya, atasema uongo. Fanyeni hivi. Wekeni debe tupu nyuma ya mlango. Kila mtoto anayeingia anatupia kitu kimoja ndani. Aliyekula asubuhi anatupia punje ya mahindi. Asiyekula anatupia kokoto. Kisha mwalimu na mjumbe wa kamati wanahesabu na kuandika:

Darasa la Nne. Waliopo: 45. Waliokula: 17. Wasiokula: 28.

Huu ni mfano tu. Andikeni hesabu ya kwenu. Rudieni mwezi wa saba, wakati wa mavuno, na mwezi wa pili, wakati ghala zimepungua. Mtaona tofauti.

*Hatua ya pili: kuchambua.* Peleka hesabu ile kwenye mkutano wa kijiji. Isomwe kwa sauti. Na msomaji awe mmoja wenu, mhitimu wa kisomo. Kisha wazazi waulizane: watoto hawa 28 wanatoka vitongoji gani? Ni wale wa mbali? Ni wale wanaolelewa na bibi zao? Mikoa yetu imeumizwa sana na UKIMWI, na watoto wengi wanakaa na bibi asiye na nguvu ya kulima. Bibi huyo haponywi kwa kulaumiwa.

*Hatua ya tatu: kutenda.* Hapa ndipo wengi wanapoogopa. Wanadhani chakula cha shule ni mzigo mkubwa mno. Basi tupige hesabu tuone mzigo wenyewe.

Hesabu ya uji

Mtoto mmoja anahitaji kama gramu 50 za unga kwa uji wa saa 4 asubuhi. Mwaka wa shule una siku 194.

50 × 194 = 9,700

Gramu 9,700 ni karibu kilo 10. Debe la mahindi ni kama kilo 17 au 18. Kwa hiyo uji wa mtoto mmoja, mwaka mzima, ni zaidi kidogo ya nusu debe.

Mzazi mwenye watoto watatu shuleni anahitaji kilo 30. Gunia ni kilo 100. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya gunia. Watoto watatu, mwaka mzima, theluthi moja ya gunia!

Sasa tuone shule yenye watoto 300. Kila siku:

300 × 50 = 15,000

Hizo ni kilo 15 kwa siku. Kwa siku 194:

15 × 194 = 2,910

Ni kama gunia 29 kwa mwaka. Tuseme 30, maana panya nao wapo.

Je, tukitaka makande ya mchana? Mtoto mmoja tumpimie mahindi gramu 100 na maharage gramu 40. Kwa mwaka ni mahindi kilo 19 na nusu hivi, yaani zaidi kidogo ya debe moja, na maharage karibu kilo 8. Huu ni mzigo mkubwa zaidi. Kijiji kinaweza kuanza na uji, kikizoea kiende kwenye makande. Haraka haraka haina baraka.

Maharage yanafaa sana, kwa sababu yanajenga mwili. Na hapa kwetu yanakubali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kimetoa aina nyingi za mbegu za maharage kwa ajili ya Nyanda za Juu. Mwulizeni bwana shamba wenu ipi inafaa kijijini kwenu.

Mambo ya kupanga kabla ya kukoka moto

*Wakati wa kukusanya.* Kusanyeni mara tu baada ya mavuno, mwezi wa saba au wa nane, wakati kila nyumba ina kitu. Ukimwomba mtu mahindi mwezi wa pili, unamwomba asichokuwa nacho.

*Ubora.* Asiyekubali kula mahindi yaliyooza asiyapeleke shule. Mahindi yenye ukungu yana sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Mahindi yakaushwe vizuri, yasianikwe juu ya udongo mtupu. Stoo iwe na chaga, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Na mahindi yenye dawa ya kuulia wadudu yasiliwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye paketi kwisha.

*Unga.* Sageni dona, msikoboe. Tukikoboa tunatupa sehemu nzuri, tunabaki na weupe. Mkiongeza karanga au ulezi kidogo, uji unakuwa na nguvu zaidi.

*Chumvi.* Nunueni chumvi yenye madini joto. Nyanda zetu za Juu zilijulikana kwa ugonjwa wa tezi la shingo, unaoletwa na upungufu wa madini hayo. Upungufu huo unadhuru pia akili ya mtoto. Chumvi ifunikwe, isiachwe juani.

*Kitabu cha stoo.* Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Kila debe linaloingia liandikwe: tarehe, jina la mzazi, kiasi. Kila kilo inayotoka iandikwe: tarehe, kiasi, watoto waliokula. Watu wawili waweke sahihi. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wazazi. Mahali pengi chakula cha shule kilikufa kwa sababu moja: wazazi hawakujua mahindi yao yamekwenda wapi. Mtu akishuku, hatoi tena. Lakini sasa mnajua kusoma na kuhesabu. Nani atawadanganya? Ombeni kitabu, kifungueni, jumlisheni wenyewe.

*Kuni, maji na wapishi.* Pangeni kwa zamu. Msiwabebeshe watoto wa kike kuni na maji wakati wenzao wako darasani. Jiko liwe la kuhifadhi moto, lisilokula kuni nyingi.

Maswali ya mkutanoni

Tunajua mkutano hauwi bila hoja. Hizi ndizo husikika sana.

*"Elimu ni bure. Kwa nini nitoe mahindi?"* Ni kweli, tangu Januari 2016 michango ya lazima imefutwa katika shule za msingi za Serikali. Lakini chakula cha mtoto wa kutwa kimebaki wajibu wa mzazi. Mwongozo wa Serikali wa chakula shuleni nao unawataka wazazi na jamii washirikiane na shule. Tofauti ni hii: jambo liamuliwe na wazazi wenyewe mkutanoni, lisiwe amri ya mtu mmoja. Na kama mtoto angekuwa nyumbani siku ile, je, usingempa chakula?

*"Tungoje wafadhili."* Tutangoja sana. Shirika la Chakula Duniani lilisaidia chakula shuleni kwa miaka mingi, hasa katika mikoa yenye ukame kama Dodoma, Singida, Manyara na Arusha. Nani atampelekea mahindi mtu anayeuza mahindi?

*"Jirani yangu hajatoa. Mtoto wake asile."* Ndugu zetu, hapa tusimame imara. Deni ni la mzazi. Tumbo ni la mtoto. Mtoto akiondolewa kwenye foleni ya uji mbele ya wenzake, kesho haji shule. Atakwenda kuchunga, au atapanda lori kwenda mjini kutafuta kazi za ndani. Mzazi aliyeshindwa aitwe na balozi wake, azungumze. Kama hana mahindi, alete kuni, achote maji, apike kwa zamu, au alime shamba la shule. Kama ana mahindi na hataki, hiyo ni kesi ya watu wazima, iamuliwe na watu wazima. Na kwa ajili ya wasio na kitu kabisa, kijiji kitenge ekari mbili au tatu, zilimwe kwa pamoja.

*"Sisi zamani tulisoma na njaa."* Ndiyo. Na wangapi tuliacha njiani? Wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa na watoto wetu wenyewe. Tusitamani watoto wapite njia ile ile.

Nyumbani asubuhi

Chakula cha shule hakiondoi wajibu wa nyumbani. Mtoto asitoke mtupu. Si lazima chai na mkate. Kiporo cha ugali kilichopashwa moto kinatosha. Viazi vilivyochemshwa jana jioni, magimbi, ndizi, au bakuli la uji, vyote vinafaa. Huko Rungwe na Njombe maparachichi yanayokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya umbo yasitupwe. Tumbo la mtoto halichagui umbo.

Baba naye anaweza kukoka moto. Moto haujui mwanamume wala mwanamke.

Na kwa wale walio na watoto wadogo ambao hawajafika shule, kumbukeni kimea. Akina mama wa kwetu wanakijua, kwa sababu ndicho kinachotumika kwenye pombe. Kitumieni kwa faida. Pikeni uji mzito. Ukipoa kidogo, ukiwa bado wa moto, tieni kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Uji utalainika bila kuongeza maji. Urudisheni jikoni uchemke tena. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Uji mwepesi wa maji unamjaza bila kumpa nguvu. Uji wa kimea ni laini na una nguvu.

Maneno ya kujifunza

*Utapiamlo:* hali ya mwili kukosa chakula cha kutosha au chenye mchanganyiko unaofaa.

*Udumavu:* mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya utapiamlo au maradhi ya muda mrefu.

*Kuchambua:* kutenganisha sababu moja moja ili kujua ipi ni kubwa.

*Madini joto:* madini yanayotiwa kwenye chumvi ili kuzuia tezi la shingo na kulinda akili ya mtoto.

Maswali ya kikundi

1. Mtoto wako wa shule alikula saa ngapi jana jioni? Leo alikula tena saa ngapi? Hesabu saa zilizopita katikati.

2. Katika sababu tano tulizotaja, ipi ni kubwa zaidi kijijini kwenu? Ipi hatukuitaja?

3. Shule yenu ina watoto wangapi? Zidisha kwa gramu 50, kisha kwa siku 194. Mnahitaji gunia ngapi za uji kwa mwaka? Gawanya kwa idadi ya kaya. Kila kaya itoe kiasi gani?

4. Ni nani kijijini kwenu hawezi kutoa mahindi kabisa? Mtamsaidiaje bila kumwaibisha mtoto wake?

Kazi

Kikundi chenu kiende kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule. Waombeni ile siku moja ya debe, punje na kokoto. Hesabuni, andikeni, kisha someni hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji unaofuata. Mkishakubaliana, tuandikieni gazetini. Tuelezeni watoto wangapi walikuja bila kula, mmeamua nini, na baada ya miezi mitatu kokoto zimepungua kwa kiasi gani.